Mchungaji na Ng'ombe Wake: Mafundisho ya Buddha juu ya Mazoea ya Nafsi Yakisomwa Kaplong

Ikisiri

Makala haya yanachunguza mafundisho ya Kibuddha kuhusu uzingativu na namna ya kuikomboa nafsi kutokana na mazoea yasiyo na faida. Yamejikita katika mahubiri matatu yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali: Satipatthana, Dvedhavitakka na Vitakkasanthana. Mahubiri hayo yanatazamwa kwa jicho la mwanafasihi, hasa kwa kuzingatia tashbihi zake, na kusomwa katika mandhari ya Kaplong, mahali ambapo ufugaji, kilimo cha mahindi na uchumaji wa chai ni mambo ya kila siku. Hoja kuu ni kwamba zoea baya halishindwi kwa kulilaani baada ya kutenda, bali kwa kulitambua mapema, kabla halijavuka ua. Makala yanaonyesha pia kwamba Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kubeba mafundisho hayo bila kuyapunguzia uzito.

1.0 Utangulizi

Kaplong ni njia panda. Barabara itokayo Kericho hukutana hapo na ile itokayo Narok kupitia Bomet, na kutoka hapo safari huendelea hadi Sotik na Kisii. Hospitali na shule zenye chimbuko katika misheni ya Kikatoliki zimeufanya mji huu mdogo ujulikane mbali kuliko ukubwa wake. Vilima vinavyouzunguka vimevaa chai, migomba na mahindi. Nyumbani watu huzungumza Kikipsigis. Lakini kituoni, penye matatu, bodaboda na wauza ndizi, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mkipsigis, Mgusii na mpita njia mwingine yeyote.

Hebu msomaji amfikirie mwendesha bodaboda mmoja anayengoja abiria hapo saa nane mchana. Asubuhi ameapa kwamba leo hatacheza kamari ya simu, kwa kuwa jana ilimeza pesa za mafuta pamoja na za karo ya mtoto. Mvua inanyesha, abiria hawaji, na uchovu umemkaa mabegani. Kabla hajajua, simu imo mkononi na kidole kimekwisha kufungua ukurasa ule ule wa jana. Akiulizwa ni saa ngapi aliamua kuvunja kiapo chake, hana jibu, kwa sababu hakuamua. Mkono ulitangulia, akili ikafuata.

Wahenga walikwisha kusema kwamba mazoea yana taabu. Methali hiyo inataja ugonjwa, lakini haitaji tiba. Je, mtu afanye nini katika ule muda mfupi ulio baina ya kuchoka na kuishika simu? Je, muda huo upo kweli, au ni dhana tu ya wanafalsafa? Haya ndiyo maswali ambayo Buddha na wanafunzi wake waliyashughulikia kwa makini zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na majibu yao yanastahili kusomwa na yeyote anayejali hatima ya kijana huyo.

2.0 Chimbuko la Mafundisho na Njia Yake hadi Afrika Mashariki

Siddhartha Gautama, aliyepewa baadaye lakabu ya Buddha, aliishi na kufundisha kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne ya 5 KK. Hakuandika kitabu. Maneno yake yalihifadhiwa kwa ghibu na watawa walioyaghani kwa pamoja kizazi baada ya kizazi. Kwa mujibu wa mapokeo ya Kibuddha, yaliandikwa kwa mara ya kwanza katika kisiwa cha Sri Lanka mnamo karne ya 1 KK. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakosa kuziona alama za historia hiyo: takriri nyingi, orodha zenye idadi (kweli nne, njia nane, misingi minne), na tashbihi zilizochotwa kutoka kwa maisha ya msikilizaji. Mchungaji, seremala, mfinyanzi na mkulima wamejaa katika mahubiri hayo kama walivyojaa katika methali na ngano za Kiafrika.

Mafundisho haya si mageni kabisa katika eneo letu. Mwanzoni mwa karne ya 20, wahamiaji kutoka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, walianzisha jumuiya ya Kibuddha Dar es Salaam, na hekalu lao lipo Upanga. Nchini Uganda, mtawa Bhante Buddharakkhita, Mganda kwa kuzaliwa aliyekutana na Ubuddha alipokwenda kusoma India, alianzisha kituo cha Kibuddha mwaka 2005, karibu na Entebbe. Aidha, tangu mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha mpango wa kupunguza msongo wa mawazo katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mazoezi ya uzingativu yameingia hospitalini na shuleni hata kwa watu wasiokuwa Wabuddha.

3.0 Suala la Istilahi

Kabla ya kuingia katika mahubiri yenyewe, ni muhimu kuyapima maneno. Neno la Kipali linalobeba dhana kuu ni sati. Asili yake ni kumbukumbu. Mwenye sati ni mtu anayekumbuka. Si kukumbuka ya jana tu, bali kukumbuka kwamba yupo hapa na anafanya jambo hili sasa. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayolikaribia. Uangalifu unasisitiza jicho. Umakinifu unasisitiza utulivu wa akili isiyotawanyika. Tahadhari inasisitiza hatari. Uzingativu unaelekea kufaa zaidi, kwa kuwa kuzingatia ni kulitia jambo moyoni na kukaa nalo, bila kuliacha liponyoke. Hata hivyo, kitenzi cha kawaida kabisa, kukumbuka, kisisahauliwe. Yule mwendesha bodaboda hakukosa akili wala elimu. Alichokosa ni kukumbuka kwa wakati.

Neno la pili ni tanha, linalotafsiriwa mara nyingi kuwa tamaa. Maana yake ya msingi ni kiu. Hapa Kiswahili hakihitaji kukopa wala kubuni, kwani wasemaji wake hutaja kiu ya pesa, kiu ya sifa na kiu ya kisasi. Kiu si dhambi. Ni hali ya mwili au nafsi inayodai kutulizwa. Tatizo ni kwamba kiu ya nafsi hufanana na kiu ya mnywa maji ya chumvi: kila funda huiongeza.

Neno la tatu ni jina Buddha lenyewe. Limetokana na mzizi wenye maana ya kuamka. Buddha ni aliyeamka. Kiswahili kina kitenzi kinachobeba picha hiyo kwa nguvu zaidi, nacho ni kuzinduka, kinachotumika kwa mtu aliyezimia au aliyezama katika ndoto. Mtu anayetawaliwa na mazoea anatembea, anasema na hata kucheka, lakini katika baadhi ya vyumba vya nafsi yake bado amelala. Kuikomboa nafsi, basi, ni kuizindua.

Neno la mwisho ni bhavana, ambalo kwa Kiswahili hufasiriwa kuwa taamuli. Maana yake ya asili ni kukuza au kustawisha. Mkulima wa Kaplong angelielewa mara moja. Taamuli katika fikra ya Kibuddha si kukimbia dunia, bali ni kilimo cha nafsi: kupalilia, kupanda na kungoja.

4.0 Namna Mazoea Yanavyoota Mizizi

Kwa mujibu wa mafundisho ya Buddha, zoea halianzi na tendo. Huanza pale jicho, sikio au wazo linapogusana na kitu, na mguso huo ukazaa hisia: tamu, chungu, au isiyo tamu wala chungu. Hisia hiyo haina kosa. Lakini hisia tamu ikija bila kutambuliwa, huamsha kiu ya kuiendeleza. Chungu ikija bila kutambuliwa, huamsha kiu ya kuiondoa haraka. Kiu huzaa kushikilia, na kushikilia huzaa tendo. Tendo likirudiwa, safari inayofuata huwa fupi zaidi, mpaka hatua zote zinaonekana kuwa hatua moja. Hapo ndipo mtu husema, "Nilijikuta nimefanya."

Mchai unaweza kutusaidia kulielewa jambo hili. Ukiachwa bila kuchumwa wala kupogolewa, hukua ukawa mti mrefu. Mashamba yaliyoenea Kericho na Bomet tangu miaka ya 1920 yana sura ya zulia kwa sababu mikono ya watu imerudi juu ya kichaka kile kile wiki baada ya wiki, ikichuma majani mawili na chipukizi. Kichaka kimesahau urefu wake. Vivyo hivyo, umbo la nafsi ambalo mtu huliita "tabia yangu" ni kazi ya mikono mingi midogo. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Habari mbaya katika methali hii ni kwamba jiwe hukatika. Habari njema ni kwamba kamba iyo hiyo, ikivutwa upande mwingine, hukata pia.

Katika mahubiri ya Dvedhavitakka, Buddha anaieleza kanuni hii waziwazi: jambo ambalo mtu hulifikiria na kulitafakari mara kwa mara ndilo nafsi yake huelemea. Haikusemwa kwamba mtu ni mwovu. Ilisemwa kwamba nafsi huelemea, kama mti unavyoelemea upande unaovutwa na upepo wa siku zote.

5.0 Tashbihi ya Mchungaji

Katika mahubiri hayo hayo, Buddha anasimulia hali yake kabla ya kuamka. Aliamua kuyagawa mawazo yake katika makundi mawili. Upande mmoja aliweka mawazo ya tamaa, ya chuki na ya ukatili. Upande wa pili, mawazo ya kuachilia, ya upendo na ya huruma. Kila wazo lilipozuka, hakuanza kwa kujilaumu, bali kwa kulitambua: hili ni la kundi lipi, na linampeleka nani wapi?

Kisha inakuja tashbihi ambayo mtoto yeyote aliyelelewa katika nchi ya Wakipsigis ataitambua. Mwishoni mwa msimu wa mvua, mazao yanapokuwa yamesongamana mashambani, mchungaji hulazimika kuwalinda ng'ombe wake kwa fimbo. Huwagonga huku na kuwazuia kule, kwa kuwa anajua kwamba wakiingia katika shamba la mtu atachapwa, atatozwa faini, au atafungwa. Lakini mwishoni mwa msimu wa joto, mavuno yote yakiwa yamekwisha kuingizwa kijijini, mchungaji yule yule hukaa chini ya mti au mahali peupe. Kazi yake inakuwa moja tu: kukumbuka kwamba ng'ombe wapo.

Mambo matatu yanajitokeza katika tashbihi hii. Kwanza, ng'ombe si adui. Mchungaji hamchukii ng'ombe anayenyoosha shingo kuelekea mahindi. Ng'ombe ana njaa, na mahindi ni matamu. Wazo la kamari, la pombe au la kulipiza kisasi ni ng'ombe wa namna hiyo. Anayelichukia wazo lake huongeza chuki juu ya kiu, na sasa ana ng'ombe wawili wa kufukuza.

Pili, wakati wa kutumia fimbo ni kabla ng'ombe hajavuka ua. Mchungaji hodari haangalii midomo ya ng'ombe. Huangalia shingo na miguu ya mbele. Ndiyo maana mafundisho haya yanaelekeza jicho kwenye hisia, si kwenye tendo. Mwendesha bodaboda wetu hawezi kuizuia kamari wakati pesa zimekwisha kutumwa. Anaweza kuitambua shingo ikinyooka: mvua, uchovu, kifua kizito, na kidole kilichoanza kuwasha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi, fimbo ina msimu wake. Watu wengi huacha kujirekebisha kwa sababu hudhani kwamba jitihada ya wiki ya kwanza itadumu maisha yote. Tashbihi inasema sivyo. Baada ya mavuno, mchungaji bado ni mchungaji na ng'ombe bado ni ng'ombe, lakini kulinda kumekuwa kukaa na kukumbuka. Uhuru unaozungumziwa hapa si kukosa ng'ombe. Ni kuwa nao bila kukimbizana nao.

6.0 Njia Tano za Kukabiliana na Wazo Linalorudi

Mahubiri ya Vitakkasanthana yanaendeleza suala hili kwa kutoa njia tano, zikipangwa kutoka iliyo nyepesi hadi iliyo nzito. Mpangilio huo wenyewe ni somo: nguvu ni silaha ya mwisho, si ya kwanza.

Njia ya kwanza ni kubadilisha. Kama seremala anavyokitoa kigingi kinene kwa kukigonga kigingi chembamba mahali pale pale, ndivyo wazo jema linavyolitoa baya. Nafsi haipendi tundu tupu. Anayesema tu "sitashika simu" ameacha tundu; anayeutumia muda huo wa mvua kukaza mnyororo wa pikipiki au kumpigia mama simu amekwisha kuweka kigingi kingine.

Njia ya pili ni kuiona hasara. Hapa tashbihi ni kali: kijana aliyejipamba akatundikiwa shingoni mzoga wa nyoka au wa mbwa angeona kinyaa mara moja. Mtu aulizwe, zoea hili limekwisha kukuletea nini? Jibu la kweli, lenye hesabu ya shilingi na majina ya watu waliolia, huvua zoea nguo zake nzuri.

Njia ya tatu ni kutolipa wazo nafasi, kama mwenye macho anavyoyafumba au kugeukia upande mwingine asipotaka kuona kitu. Kuondoka kwenye kundi la kituoni linapoanza kujadili mechi si woga. Ni kufumba macho kwa hiari.

Njia ya nne ni kulituliza wazo kwa kufuata chanzo chake. Buddha anamtaja mtu anayetembea mbio, kisha akajiuliza, "Kwa nini ninakimbia?" Akatembea polepole. Akajiuliza tena, akasimama, kisha akaketi, mwisho akalala chini. Wazo nalo hupunguzwa mwendo kwa swali. Ninataka kubashiri kwa nini? Kwa sababu nina wasiwasi wa karo. Wasiwasi huo unasemaje? Unasema nimeshindwa kuwa baba. Hapo mbio zimekwisha, na mtu ameketi na huzuni yake halisi. Huzuni hiyo inaweza kuzungumzwa na mke, na rafiki au na mzee. Mbio haziwezi kuzungumzwa na yeyote.

Njia ya tano, iwapo zote zimeshindikana, ni kukaza meno na kuidhibiti nafsi kwa nafsi, kama mtu mwenye nguvu anavyomshika aliye dhaifu. Inavutia kwamba jambo ambalo wengi hulianza nalo, yaani kujilazimisha, limewekwa mwisho kabisa. Kwa walioingia katika uraibu wa kina, njia hizi hazichukui nafasi ya daktari na mshauri. Uzingativu unaweza kumsaidia mtu kukubali kwamba anahitaji mkono wa mwingine.

7.0 Zoezi Shambani: Misingi Minne

Mahubiri ya Satipatthana yanataja misingi minne ya uzingativu: mwili, hisia, hali ya nafsi, na mambo yanayopita katika nafsi, yakiwemo mafundisho yenyewe. Mlango wa kawaida ni pumzi. Mtu anajua kwamba anavuta pumzi ndefu au fupi. Pia anajua kwamba anatembea, anasimama, anainama au anakunywa. Hakuna kifaa kinachohitajika, wala si lazima mtu akunje miguu.

Shamba la chai linafaa zoezi hili kuliko kumbi nyingi. Mchumaji anayeingia katika mistari alfajiri anaweza kuuzingatia mwili: umande kwenye mikono, uzito wa kikapu mgongoni, mgongo unapoanza kulalamika. Anaweza kuzingatia hisia: kero, utulivu, njaa. Anaweza kuzingatia hali ya nafsi: sasa nina hasira na msimamizi; sasa sina. Anaweza kuona jinsi hasira ilivyokuja bila kualikwa na ilivyoondoka bila kuaga. Ugunduzi huo ni mdogo, lakini ndio ufunguo. Kilichokuja na kuondoka hakiwezi kuwa "mimi".

Tena, chai na taamuli ni marafiki wa zamani. Watawa wa China na Japani waliinywa ili wasisinzie wakati wa taamuli. Mtawa Eisai, aliyerejea Japani kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu za chai, aliandika mwaka 1211 kitabu cha kuisifu chai kwa afya, Kissa Yojoki. Ngano moja husimulia kwamba mtawa Bodhidharma, kwa kuudhiwa na usingizi, alizikata kope zake akazitupa, na pale zilipoanguka mchai ukaota. Ni ngano, lakini ujumbe wake unafaa kila kikombe kinachonywewa Kaplong: hili ni jani la kuamka.

8.0 Mazoea ya Jamii: Somo la Mpakani

Mazoea si ya mtu mmoja tu. Baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, eneo la mpaka wa Sotik na Borabu, lisilokuwa mbali na Kaplong, lilikumbwa na mapigano kati ya Wakipsigis na Abagusii. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na familia za pande zote mbili zikahama. Chimbuko la machafuko hayo lilikuwa siasa na malalamiko ya siku nyingi kuhusu ardhi, na si haki kuyafanya kuwa suala la nafsi pekee. Hata hivyo, moto haukuwashwa na watu wasiojuana. Uliwashwa na majirani waliouziana maziwa, ndizi na mahindi katika masoko yale yale.

Hapa uchambuzi wa lugha una la kusema. Chuki ya jamii huota kama zoea lolote, kwa kurudiwa. Huanza na kiwakilishi. Jirani mwenye jina anageuka kuwa "wale". "Wale" wanageuka kuwa "hao". Kisha huja utani, halafu jina la mnyama, na mwishowe kisa ambacho hakuna aliyekishuhudia lakini kila mtu anakisimulia. Kila neno ni ng'ombe anayenyoosha shingo. Wakati nyumba zinapowaka, mahindi yamekwisha kuliwa.

Buddha aliweka chuki na ukatili katika kundi moja la mawazo ya kulindwa, na katika njia yake yenye sehemu nane aliweka usemi mwema sambamba na uzingativu. Mzee anayesikia kijana wake akisema "hao" mezani na kumwuliza kwa upole, "Unamtaja nani? Ana jina," ametumia fimbo kwa wakati wake. Hiyo ni kazi ndogo ya jioni moja. Ikifanywa katika nyumba nyingi kwa miaka mitano baina ya uchaguzi na uchaguzi, inaweza kuwa ua.

9.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya kiimani. Wakazi wengi wa Kaplong ni Wakristo, na wengine wanaweza kuhofu kwamba kusoma mafundisho haya ni kuhama dini. Ieleweke kwamba yako mambo ambamo Ubuddha na Ukristo vinatofautiana kwa kina, na si uaminifu kuyaficha. Lakini kuichunga nafsi si mali ya dini moja. Agizo la kukesha na kusali linajulikana kanisani, na muhasaba wa nafsi unajulikana kwa Waislamu wa pwani. Msomaji anaweza kuazima fimbo ya jirani bila kuhamia kwake.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Je, kumfundisha mchumaji chai kuvuta pumzi si njia ya kumnyamazisha? Mwezi wa Februari 2023, shirika la utangazaji la BBC lilitangaza uchunguzi uliofichua unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake katika mashamba ya chai ya Kericho. Mwezi wa Mei mwaka huo huo, mashine za kuchumia chai zilichomwa moto katika maandamano ya watu waliohofia ajira zao. Katika mazingira hayo, uzingativu unaomwambia aliyedhulumiwa atulie tu ungekuwa usaliti.

Jibu ni kwamba uzingativu uliotengwa na uadilifu si mafundisho ya Buddha. Njia yake inadai pia tendo jema na riziki iliyo halali. Biashara ya silaha, ya viumbe na ya sumu alizikataza. Aliyeamka huona dhuluma vizuri zaidi, si vibaya zaidi. Tofauti ni kwamba anaweza kusema "hapana" bila kuacha hasira imchagulie maneno, na anaweza kushtaki bila kuchoma. Aidha, ikiwa wa kwanza kuhitaji zoezi hili ni nani, jibu si mchumaji. Ni mwenye mamlaka aliyezoea kutoulizwa.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mafundisho ya Kibuddha kuhusu mazoea yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili fasaha na kueleweka katika mandhari ya Kaplong bila kulazimishwa, kwa kuwa tashbihi zake zilizaliwa katika maisha ya wafugaji na wakulima. Kuzingatia ni kukumbuka kwa wakati. Zoea ni njia iliyokanyagwa mara nyingi, na njia isiyokanyagwa huota nyasi. Baina ya hisia na tendo upo muda, mfupi kama pumzi moja, na hapo ndipo mchungaji anaposimama.

Mwendesha bodaboda wetu bado yupo kituoni, na mvua haijakatika. Mkono wake umeanza kwenda mfukoni. Safari hii ameuona.

Maswali ya Mjadala

1. Linganisha maneno uangalifu, umakinifu na uzingativu. Ni lipi linalofaa zaidi kuwa istilahi ya sati, na kwa nini?
2. Taja methali tatu za Kiswahili, au za lugha yako ya kwanza, zinazozungumzia mazoea. Je, zinatoa tiba, au zinatoa onyo tu?
3. Chunguza viwakilishi na majina yanayotumiwa kuwataja majirani wa kabila jingine mahali unapotoka. Ni katika hatua gani neno la utani hugeuka kuwa neno la chuki?